Simulesheni inasema mfumo umetulia, supavaiza anasema haujatulia. Nani yuko sahihi?

kijana_wa_valvu aliandika:

Wakuu habari za mchana. Naomba msaada kwa watu wa hesabu na watu wa kontroli, maana nimekwama na supavaiza hataki kuniona mpaka nije na jibu.

Disatesheni yangu inahusu tangi la mmenyuko wa kemikali unaotoa joto. Joto likipanda kidogo mmenyuko unaenda kasi, ukienda kasi unatoa joto zaidi, basi ukiliacha hivyo hivyo linakimbia lenyewe. Tunalipooza kwa maji yanayozunguka nje ya tangi na mimi kazi yangu ni valvu ya hayo maji. Nimenyoosha milinganyo kuzunguka joto tunalolitaka nikabaki na kitu kidogo sana, x ni tofauti ya joto lililopo na lile linalotakiwa, u ndio amri ya valvu:

dx = (ax + u)dt + σx dW

Hapo a ni kasi ya joto kukimbia lenyewe, dW ni noizi, yaani mitikisiko ya nasibu (W ni jumla yake, mwendo wa Brown), na σ ni ukubwa wake. Noizi imezidishwa na x kwa sababu kinachoyumba ni kasi ya mmenyuko wenyewe, malighafi saa hizi nzito baadaye nyepesi, sio kwamba kuna kitu kinaligonga tangi kutoka nje. Nimeweka a = 1 na σ = 2.

Sasa vituko vinaanzia hapa. Nikiweka u = 0, yaani sipoozi kabisa, karibu njia zote 5000 za simulesheni zinaporomoka kwenda sifuri!! Mfumo ambao bila noizi unalipuka kama e^t, nikiutia noizi unatulia wenyewe. Halafu nikichukua wastani wa hizo njia kwenye t = 10 mara napata 15, nabadilisha sidi (namba ya kuanzishia) ya namba nasibu napata 900, nabadilisha tena napata elfu mbili na ushee. Sielewi wastani gani huo usiotulia.

Nikaachana nayo nikaweka LQR ya kawaida ya darasani, yaani kontroli inayopunguza gharama ya kujumlisha qx² + ru² kwa muda wote, q = 1 na r = 1, gaini (ukali wa valvu kuitikia x) ikatoka k = 1 + √2 yaani 2.414, u = −kx. Hapo kila kitu kinakufa haraka, mpaka wastani wa x² unakuwa namba ya kumi kwa kipeo hasi huko. Nikampelekea supavaiza nikiwa na furaha zangu, kaangalia kidogo akasema "huu mfumo haujatulia na gharama yako haina mwisho, kaangalie tena", basi, akaendelea na simu yake. Nawezaje kuwa na grafu inayolala sifuri halafu naambiwa mfumo haujatulia?

---

MzeeWaRiccati aliandika:

Supavaiza wako yuko sahihi, na simulesheni yako haidanganyi pia. Shida ni kwamba mmetumia neno "kutulia" kwa maana mbili tofauti na hakuna aliyemwambia mwenzake anatumia ipi. Lyapunov alipoandika kuhusu utulivu mwaka 1892 hakuwa na tatizo hili, kwake njia ilikuwa moja tu, ikienda sifuri imetulia. Ukishaleta noizi una njia chungu nzima na inabidi useme nini hasa kinaenda sifuri, njia moja moja, au wastani wa x, au wastani wa x². Warusi akina Khasminskii ndio walikaa chini miaka ya 1960 wakazitenganisha hizi maana moja baada ya nyingine.

Kwa mlinganyo wako unaweza kufanya yote kwa mkono. Weka λ = a − k. Chukua logi ya x kwa kanuni ya Itô, ile ya derivativu za vitu vyenye noizi, na usisahau kile kipande cha ziada cha nusu ya σ², ndicho kinacholeta maajabu yote unayoyaona:

x(t) = x(0) · exp( (λ − σ²/2)t + σW(t) )

W inakua taratibu, takriban kama mzizi wa t, kwa hiyo mwisho wa siku t inaishinda na njia moja moja inaenda sifuri kama λ − σ²/2 ni hasi. Wastani wa x unakwenda kwa e^(λt). Wastani wa x² unakwenda kwa e^((2λ+σ²)t). Yaani noizi ile ile inasaidia kwenye maana ya kwanza, haina habari kwenye ya pili, na inaumiza kwenye ya tatu.

Weka namba zako sasa. Bila kupooza λ = 1, njia zinakwenda na 1 − 2 = −1 kwa hiyo zinakufa, wastani unakwenda na +1 kwa hiyo pale t = 10 wastani wa kweli ni e^10, kama 22,000, wakati njia ya katikati iko kwenye e^(−10), hata 0.0001 haifiki. Kwa gaini yako 2.414 λ ni −1.414, njia zinakufa na −3.414, wastani unakufa, lakini wastani wa x² unakwenda na 2(−1.414) + 4 = +1.17. Chanya hiyo. Pale t = 10 wastani wa x² umezidi 120,000 na bado unapanda, na LQR inajumlisha x², ndio maana mwalimu kasema gharama haina mwisho.

Kwanini kompyuta yako inaona sifuri? Kwa sababu wastani huo unabebwa na njia chache sana ambazo hujabahatika kuzipata na hutazipata. Chukua ule wa bila kupooza ambao ni rahisi zaidi: logi ya x kwenye t = 10 ina wastani −10 na sigma (mchepuko sanifu, sio ile σ ya 2) ya 6.3, lakini njia zinazojenga ule wastani wa 22,000 ziko karibu na logi = 30, yaani sigma 6.3 juu ya katikati. Uwezekano wa kufika huko ni chini ya moja kwa bilioni, wewe una njia 5000. Unachokipata ni ile njia kubwa kuliko zote kwenye sampuli yako gawanya kwa 5000, ndio maana ukibadilisha sidi jibu linaruka kama chura. Kwa x² na gaini ya 2.414 ni mbaya zaidi, unahitaji kupanda sigma 12 na kitu. Acha Monte Carlo, yaani kurusha njia nyingi za nasibu na kuchukua wastani, kwa kazi hii, andika mlinganyo wa wastani wa x² wenyewe, ni wa kawaida kabisa hauna noizi ndani yake, mstari mmoja.

Kuhusu gaini. Darasani walikuambia noizi haibadilishi gaini ya LQR, na ni kweli, ila ni kweli kwa noizi inayojumlishwa tu, ile inayogonga kutoka nje. Ikiwa imezidishwa na x inaingia ndani ya Riccati, ule mlinganyo unaotoa gaini. Kisia thamani, yaani gharama bora iliyobaki, ni Px², iingize kwenye mlinganyo wa Hamilton-Jacobi-Bellman ambao gharama bora lazima iutimize, kile kipande cha derivativu ya pili kinakuletea σ²P, unabaki na

2aP + σ²P + q − P²/r = 0

Kwako inakuwa P² − 6P − 1 = 0, P = 3 + √10, na hapa k = P = 6.162. Angalia 2(1 − 6.162) + 4 = −6.3, hasi safi, gharama ukianzia x = 1 ni 6.16 badala ya kutokuwa na mwisho. Wonham alishayafanya haya kwa matriksi kamili mwaka 1968, sio mambo mapya, ila silabasi nyingi zinaishia kwenye noizi ya kujumlisha halafu mwanafunzi anatupwa mtaani.

Ukirudia simulesheni kwa gaini hiyo angalia hatua yako ya muda pia. Euler-Maruyama, ile njia ya kusimuleti kwa hatua ndogo ndogo, ina utulivu wake yenyewe, kwa k = 6.162 hatua h ikizidi 0.237 hivi wastani wa x² utalipuka kwenye kompyuta hata kama kwenye karatasi umetulia.

---

laki_si_pesa aliandika:

Mimi ni mtu wa fedha sio wa matangi ila huu mlinganyo naujua, ni ule ule tunaoutumia kwa bei za hisa. Kile kipande cha nusu ya sigma mraba kila siku nawaelezea watu hivi: una laki moja, mwezi huu inapanda asilimia 50 unakuwa na laki na nusu, mwezi ujao inashuka asilimia 50 unabaki na elfu 75. Wastani wa +50 na −50 ni sifuri, lakini mfukoni umepoteza robo. Wenye mifuko wanatangaza wastani, mteja anaishi kwenye njia moja. Ndio maana Merton 1969 alipotafuta sehemu ya mali ya kuweka kwenye hisa akapata (μ − r) gawanya kwa γσ² (μ ni wastani wa faida ya hisa, r hapa ni riba isiyo na hatari, γ ni woga wa hatari), sigma mraba iko chini pale, noizi ikikua unapunguza hata kama wastani wa faida haujabadilika. Hiyo nayo ni kontroli ya stokastiki tu, u ni kiasi unachoweka.

Kwa hiyo kijana njia zako zinazokufa bila kupooza ni sawa na mwekezaji wa kawaida anayefilisika wakati ripoti ya mfuko inaonyesha faida.

---

FundiSanifu254 aliandika:

Niaje wazee. Naheshimu hesabu lakini mimi nimefanya kazi na plant kitambo na kuna vitu viwili vinanisumbua hapa.

Moja, huo wastani wa 120,000 ambao unabebwa na njia ambayo hakuna mtu ataiona hata akiendesha hiyo tangi maisha yake yote, mimi hiyo inanihusu nini? Logi ya x ikifika hata 30 hiyo si joto tena, hiyo tangi imeyeyuka pamoja na jengo na mwenye jengo. Modeli ya mstari ilishakufa kitambo kabla ya kufika huko. So kumwambia kijana mfumo wake haujatulia kwa sababu ya namba ambayo iko nje ya modeli, manze hiyo ni hesabu ya ubaoni.

Mbili, kama shida ni gaini ndogo si aongeze tu? Aweke 20 alale usingizi. Valvu iko, maji iko.

---

MzeeWaRiccati aliandika:

@FundiSanifu254 swali lako la kwanza ni zuri kuliko unavyodhani kaka, na jibu lake lipo ndani ya modeli kabla haijafa. Usiulize x² iko wapi t ikienda mbali. Uliza hivi: tangi limeanza na tofauti ya nyuzi 2, kuna uwezekano gani kwamba wakati wowote kabla halijatulia litagusa nyuzi 20, pale ambapo king'ora kinalia au vali ya usalama inafunguka?

Logi ya x ni mwendo wa Brown unaoteleza kushuka, na kilele cha mwendo kama huo kinajulikana kabisa. Uwezekano wa x kufika mara M ya ilipoanzia ni M kwa kipeo cha −p, ambapo

p = 1 − 2λ/σ²

Hakuna makadirio hapo. Sasa soma. Bila kupooza p = 0.5, uwezekano wa kuzidisha mara 10 ni asilimia 32. Karibu tangi moja kati ya matatu linapiga king'ora, na yote hayo ni matangi ambayo kwenye grafu ya kijana "yanaenda sifuri". Kwa gaini ya darasani p = 1.707, asilimia 2. Kwa 6.162 p = 3.58, kama moja kati ya 3,800.

Na utaona wastani wa x unatulia pale tu p inapozidi 1, na wastani wa x² unatulia pale tu p inapozidi 2. Sio bahati. Utulivu wa wastani wa mraba hauongelei joto la nyuzi trilioni, unakuambia mkia wa njia zako, yaani uwezekano wa zile za kupindukia, ni mzito kiasi gani, na mkia huo huo unausikia kwenye nyuzi 20. Ndio maana mimi mtu akiniletea mfumo ambao umetulia njia moja moja tu, na wastani wa mraba haujatulia, simsainii.

---

bi_wiener aliandika:

Mzee shikamoo. Naongezea kwenye la pili la FundiSanifu maana naona limeachwa hewani na ndio kosa ninaloliona sana kwa mainjinia, kwamba gaini kubwa haina madhara.

Valvu nayo ina noizi yake. Ukiiambia fungua kidogo inakosea kidogo, ukiiambia fungua sana inakosea sana. Yaani kuna kipande cha pili, D·u dW₂, tuseme hakihusiani na noizi ya kwanza. Ukiweka u = −kx wastani wa x² unakwenda na

2(a − k) + σ² + D²k²

Sasa k² iko pale na ni chanya. Ukipandisha k mwanzoni unapona, ukizidisha unaumwa upya. Kiwango bora kwa kushusha hiyo namba ni k = 1/D², na ukikiweka unaona mfumo unatulizika tu kama 2a + σ² ni ndogo kuliko 1/D². Kwa namba za kijana ni 6 < 1/D², D lazima iwe chini ya 0.408. Valvu ikiwa chafu kuliko hapo, kwa mfano D = 0.5, hakuna gaini yoyote duniani itakayotuliza wastani wa mraba kwa fidibaki ya namna hii. Sio kubwa sio ndogo. Athans na wenzake waliandika jambo hili mwaka 1977 kwa mifumo ya hatua kwa hatua, kwamba kuna kizingiti cha kutokujua ambacho ukikivuka kontroli bora haipo kabisa.

Weka D = 0.3, valvu nzuri tu. Gaini zinazofaa ni kuanzia kama 3.6 mpaka 18.6. Ile 20 ya FundiSanifu iko nje. Na kinachoniudhi ni kwamba ukiisimuleti hiyo 20 grafu itapendeza kuliko zote, njia zitaporomoka kama jiwe, kwa sababu noizi kubwa inaongeza kile kipande hasi cha nusu ya sigma mraba! Wakati uwezekano wa kugusa mara 10 ni asilimia 1.1, na kwa 6.162 ni 0.4. Grafu nzuri zaidi ndio tangi la hatari zaidi.

La pili ni kubwa zaidi na naona hakuna aliyeligusa. Kijana, nani alikuambia noizi yako ni ya Itô, yaani intigro inayotumia x ya mwanzo wa kila hatua?

Unasema malighafi inayumba. Malighafi haiyumbi kila sehemu ya sekunde bila kukumbuka ilipokuwa, inayumba taratibu, ina kumbukumbu. Noizi yenye kumbukumbu fupi ukiibana mpaka iwe nyeupe (isiyo na kumbukumbu) haikupeleki kwa Itô, inakupeleka kwa Stratonovich, intigro inayotumia wastani wa mwanzo na mwisho wa hatua, hiyo ni kazi ya Wong na Zakai ya 1965. Kwa mlinganyo wako tofauti sio ndogo. Kwa Stratonovich kalkulasi ni ya kawaida, x = x(0)·exp(at + σW), na a = 1. Inalipuka. Ule muujiza wa noizi kutuliza tangi umepotea wote, ulikuwa umetengenezwa na chaguo la intigro.

Simaanishi kwamba noizi haiwezi kutuliza kitu. Arnold, Crauel na Wihstutz mwaka 1983 walionyesha kwamba mfumo wa mstari unaweza kutulizwa na noizi hata kwa Stratonovich, lakini lazima jumla ya ulalo wa matriksi A (inayochukua nafasi ya a mfumo ukiwa na mielekeo mingi) iwe hasi. Noizi inachanganya mwelekeo unaolipuka na mwelekeo unaokufa, na kama kwa jumla kufa kunazidi, wote wanakufa. Fimbo iliyosimama kichwa chini yenye msuguano kidogo inafaa, kwa sababu msuguano unaifanya jumla iwe hasi. Tangi la kijana lina mwelekeo mmoja tu na unalipuka. Hakuna wa kuchanganya naye.

---

FundiSanifu254 aliandika:

Sawa dada hiyo ya valvu nimeikubali, na kusema ukweli nimeona valvu zimechoka zinafanya hivyo, unafungua fidibaki kali inaanza kuwinda juu chini mpaka watu wanaizima wanaenda manual. Sikuwahi kufikiria kuna kizingiti ambacho huwezi kupita hata ukituni vipi.

Lakini hii ya Itô na Stratonovich ni kama dini, kila mtu na yake. Mtu wa plant anajuaje tangi lake ni la nani?

---

kijana_wa_valvu aliandika:

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote. Jana usiku nimejaribu ile fomula ya kilele ya Mzee kwa k = 2.414, nahesabu njia ngapi zinagusa mara 10. Kwa hatua ya 0.01 nikapata asilimia 1.6. Nikapunguza hatua mpaka 0.001 nikapata 1.8, na nimetumia njia nyingi hapa sio 5000. Fomula inasema 1.96. Je fomula ni ya kukadiria au programu yangu ina shida?

Pia dada bi_wiener umenitisha. Nikisema kwenye disatesheni ni Stratonovich inabidi nibadilishe kila kitu? Na nikisema malighafi ina kumbukumbu, si inabidi niwe na mlinganyo wa pili wa hiyo malighafi?

---

MzeeWaRiccati aliandika:

Programu haina shida. Unaangalia njia kila baada ya 0.01 tu, katikati ya hapo njia inaweza kuvuka mstari na kurudi bila wewe kuiona, kwa hiyo utapata kidogo kila mara. Upungufu unakwenda na mzizi wa hatua sio hatua yenyewe, ndio maana ukigawa hatua kwa 10 pengo linapungua kama mara tatu tu, na ndivyo ilivyokutokea. Ukitaka bila kungoja kompyuta, shusha mstari wa logi kwa 0.58·σ·√h kisha hesabu, utaona 1.9 na ushee hata kwa hatua kubwa. Au tumia daraja la Brown kati ya pointi mbili, linalokupa uwezekano kwamba njia ilivuka hapo katikati, ni mistari michache ya Python.

La pili namwachia bi_wiener, yeye ndio kaleta balaa.

---

bi_wiener aliandika:

Haha haya. @FundiSanifu254 sio dini, unapima. Chukua rekodi ya malighafi inayoingia, angalia inakumbuka ilipokuwa kwa muda gani, linganisha na muda ambao tangi linachukua kuitikia. Kumbukumbu ikiwa fupi sana kuliko tangi lakini ipo, ni Stratonovich. Kama kila chaji ya malighafi ni mpya haihusiani na iliyopita na unabadilisha valvu kwa hatua, Itô inakaa vizuri. Kama kumbukumbu ni ndefu sawa na tangi lenyewe basi zote mbili hazifai, andika mlinganyo wa pili.

Na kijana usiuogope huo mlinganyo wa pili. Weka y kwa ajili ya malighafi, mchakato wa Ornstein-Uhlenbeck, unaoyumba na kuvutwa kurudi sifuri, halafu dx/dt = (a − k + y)x. Humo ndani ya x hamna noizi nyeupe tena, kwa hiyo hakuna ugomvi wa Itô na mwenzake. Logi ya x ni (a − k)t jumlisha intigro ya y, na hiyo intigro ni Gauss (mgawanyo wa umbo la kengele), unajua wastani wake na variansi yake kwa mkono. Variansi ikienda mbali inakua kama σ²t, ambapo σ² ni nguvu ya noizi yote ya y ukiijumlisha kwenye kumbukumbu yake. Kwa hiyo wastani wa x² unakwenda na 2(a − k) + 2σ².

Kwa namba zako ni 2(1 − k) + 8, unahitaji k zaidi ya 5. Kumbukumbu haipo popote kwenye jibu! Iwe fupi iwe ndefu mpaka wa gaini ni ule ule 5, na ndio ule ule ambao Stratonovich angekupa. Itô alikupa 3, kutoka kwenye 2(1 − k) + 4. Kwa hiyo kama malighafi yako inakumbuka hata kidogo, gaini ya 4 ambayo kwenye karatasi yako ya sasa ni salama, kwenye tangi sio salama.

---

kijana_wa_valvu aliandika:

Kwa hiyo 6.162 bado inapita?

---

MzeeWaRiccati aliandika:

Inapita, iko juu ya 5. Ila usiiandike kuwa ni gaini bora, hiyo ilikuwa bora kwa Itô. Kwa Stratonovich a yako inakuwa a + σ²/2 = 3 ndani ya Riccati, P² − 10P − 1 = 0, P = 5 + √26, gaini 10.1. Halafu kabla hujaipeleka kwa mwalimu pima D ya hiyo valvu, maana ukirudia hesabu ya bi_wiener kwa a = 3 kizingiti kinashuka, sasa ni 10 < 1/D², D chini ya 0.316. Ile 0.3 tuliyoiita valvu nzuri inapita kwa tabu.